Tundu la Kushoto

Ting-tong: kimeingia.
Tong-ting: kimetoka.
Sijagusa kitu. Mikono yangu ipo mapajani
kama ya mtoto anayesingiziwa sukari.

Ni kikao cha mirathi, saa mbili na dakika arobaini,
kimo ndani ya kinasa sauti kidogo kama kiberiti.
Nikikichapa chote nalipwa elfu kumi na tano.
Wanakitaka Jumatatu, kila neno,
hata kikohozi, walisema, hata kikohozi kiandike.
Baba mdogo Salehe anasafisha koo:
"Sasa hii nyumba ya Buguruni Malapa,
marehemu alitamka mbele yangu kwamba..."
Tong-ting.

Hapa Keko Machungwa tunalala na vumbi la mbao,
tunaamka nalo kwenye chai.
Nikasema ni hilo tu. Nikachokonoa tundu kwa kijiti cha meno,
nikapuliza mpaka kizunguzungu,
ukatoka unga wa mninga, mwekundu,
ungedhani kompyuta nayo inapigwa randa kwa ndani.
Ting-tong! Nikajipigia makofi.
Dakika nne. Tong-ting.

Tundu la kulia halioni tangu enzi za mwenye nalo wa kwanza.
Nikaazima waya kwa Dorisia, mfupi, mnene, wa kuaminika.
Tong-ting.
Nikazima, nikawasha, dawa ya kila mgonjwa.
Tong-ting.
Shemeji akaagiza kwa simu: pakua draiva mpya.
Nikapakua. Bando likaisha, ugonjwa ukabaki,
na Baba mdogo Salehe bado anasafisha koo.

Asubuhi nikaibeba mpaka Mtaa wa Agrey, kwa Pazi,
meza yake haizidi msala.
Hakushika bisibisi. Akaniuliza kama daktari:
"Inakatika ukifanya nini?"
Nikafikiri. "Nisipofanya kitu.
Nikisimamisha sauti ili niandike."
Akacheka mpaka jirani wa chaja akageuka.
"Basi haiumwi, dada. Ni bahili.
Inabana chaji. Ikiona mtu kanyamaza kidogo
inahesabu kaondoka, inamkatia umeme."
Akaingia vyumba vya ndani nisivyovijua,
akafungua mlango, na mlango ndani ya mlango,
akakuta kitiki kimoja kimekaa kwenye kisanduku chake,
akakiondoa.
Elfu mbili kwa kuondolewa tiki!
Roho iliniuma mpaka Keregwe.

Usiku, mafundi wamefunga, randa zimenyamaza.
Ting-tong.
"...alitamka mbele yangu kwamba nyumba ni ya watoto wa kiume."
Viti vinalia. Mtu anasema naam, mwingine anasema naam.
Halafu sauti ya mbali, labda ya mjumbe:
"Mama Tunu, wewe mwenye msiba, una neno?"

Feni.
Mbuzi wa watu, nje.
Kikombe kinawekwa juu ya sahani yake,
polepole, kama kinachoogopa kusikika.
Feni.

"Basi, karidhia," anasema Salehe. "Tuendelee."

Nikasimamisha.
Vidole juu ya herufi, nikaisubiri ile tong-ting,
nimeshaizoea kama jirani mgomvi.
Haikuja. Kitaa cha kijani kikabaki kinaniangalia,
dakika moja, dakika tano,
mimi sijaandika, chenyewe hakijaenda popote.

Kila neno, walisema.
Nikachapa jina lake, nikachapa nukta mbili,
kisha: Hakujibu. Sekunde kumi na saba.
Kikombe kimewekwa chini.
Ndipo nikamwandika Salehe na "karidhia" yake,
mstari wake peke yake, kama alivyoitamka.

Nikarudisha nyuma kuhakiki, maana watanilipa kwa uhakika.
Kumi na nane,
ukiihesabu na ile pumzi aliyovuta mwanzo.
Nikafuta saba, nikaweka nane.